Ruzuku ya mbolea: hivi anayefaidika hasa ni nani, mkulima, wakala au mtendaji?

Mlowo Junction
Habari wakuu, niende kwenye mada moja kwa moja.

Mimi ni mkulima wa kawaida huku Mbozi, mahindi ekari nne na vikahawa kidogo alivyotuachia mzee. Msimu uliopita wakati wa kuhangaikia mbolea ya kupandia tuko kijiweni tunapiga stori, akaja dogo mmoja fundi simu, hana hata tuta la mchicha, akatuonyesha meseji yenye namba ya mkulima, kwamba amesajiliwa kwenye ruzuku kama mkulima wa ekari sita. Ekari sita! Tukamuuliza unalimia wapi, akacheka akasema "mteja keshapatikana". Kumbe ile namba anampa mfanyabiashara, analipwa elfu kumi kwa kila mfuko, jamaa anabeba mbolea kwa bei ya ruzuku anaenda kuiuza anakojua yeye.

Sasa mama yangu mdogo, mjane, analima ekari mbili kwa jembe la mkono na kijiji kizima kinajua, namba yake ikiingizwa kwa wakala inasema haipo. Karudi nyumbani na hela yake imefungwa kwenye kanga vilevile alivyoenda nayo.

Swali: hizi hela za serikali zinaishia wapi? Kwa nini orodha ya waliosajiliwa na ekari zao isibandikwe pale ofisi ya kijiji tukaisoma wote? Au basi hela itumwe kwenye simu ya mkulima akanunue mwenyewe anapotaka, tumalizane. Nawasilisha.

Kibatari
Nimekaa siti ya mbele na chai yangu ya rangi. Ngoja waje wenye mashamba, mimi nalima kwa mdomo.

Dada wa Mjini
Huyo dogo fundi simu ana akili kuliko wote hapo kijiweni 😂

Bwanashamba Mstaafu
Mleta mada asante. Ila vijana mnaongea kama ruzuku imeanza juzi. Mwaka 2003/04 serikali ilikuwa inalipia usafiri wa mbolea kuja nyanda za juu kusini, mkulima wala hakuona karatasi yoyote, alichoona ni bei dukani. Halafu 2008 zikaja vocha, ule mpango wa NAIVS wenye mkopo wa Benki ya Dunia. Huo nimeufanyia kazi mwenyewe mpaka soli za viatu zikaisha. Kaya inapewa vocha za ekari moja: ya mbolea ya kupandia, ya kukuzia, na ya mbegu ya mahindi kilo kumi. Serikali inalipa kama nusu na wewe mkulima unaongeza nusu. Walengwa ni wenye shamba chini ya hekta moja, wanawake wanaoongoza kaya wanatangulizwa, na ukishapata miaka mitatu unatoka unampisha mwingine.

Na majina yalibandikwa ukutani! Kulikuwa na kamati ya vocha ya kijiji na mkutano mkuu unapitisha majina. Kwa hiyo hilo la kubandika tulishalifanya.

Mlowo Junction
@Bwanashamba Mstaafu na bado watu walipiga au hawakupiga?

Bwanashamba Mstaafu
Walipiga.

Kibatari
😂😂😂 uzi ufungwe

Bwanashamba Mstaafu
Usifungwe, subiri. Walipiga hivi. Maskini anapewa vocha lakini ile nusu ya kuongezea hana. Novemba mvua zinaanza, mfukoni hana kitu, debe la mwisho la mahindi kashauza. Wakala anakuja mpaka mlangoni na daftari, anamwambia weka dole gumba hapa nikupe elfu kumi. Vocha inarudi serikalini ina saini zote, mbolea haijatoka hata chembe. Ukikagua makaratasi ni masafi kabisa. Jina ni la kweli, mtu ni wa kweli, dole gumba ni lake. Sasa orodha ya ukutani ingekusaidia nini hapo? Jina liko sahihi!

Ndiyo maana huyo fundi simu hajanishangaza. Mchezo ni uleule, dole gumba limekuwa meseji.

Chausiku_88
Mmesahau mawakala waliokopesha serikali msimu wa 2015/16 wakazungushwa na uhakiki miaka na miaka. Baba mkwe wangu alikuwa mmojawapo, aliweka nyumba rehani benki akajaza duka. Serikali ikasema madai mengine ni hewa wanahakiki kwanza, sawa, hewa zilikuwepo, lakini wasafi na wachafu wote waliwekwa kapu moja. Mzee mpaka leo ukimtajia neno pembejeo anabadilisha stori. Kwa hiyo mkuu mleta mada kabla hujauliza kwa nini mawakala ni wachache na wako mbali jiulize ni nani mwenye akili timamu atajaza stoo mbolea ya serikali kwa hela yake.

Mnyiha Halisi
Mimi niongee ya 2022 maana naona watu wanachanganya. Uzinduzi ulikuwa Nane Nane pale Mbeya tarehe 8/8/2022, Rais Samia mwenyewe, zikatengwa bilioni 150. Vita ya Ukraine ilikuwa imepandisha kila kitu, mfuko wa DAP, ile ya kupandia, ulifika laki na thelathini hivi, urea ya kukuzia nayo inaifukuzia. Ikashushwa zote zikawa 70,000. Tusiwe wanafiki, ile kitu ilitusaidia. Mwaka mmoja kabla kuna watu huku walipanda mahindi bila mbolea kabisa, yakawa ya njano kama yana homa ya manjano.

Jembe na Nyundo
@Mnyiha Halisi sio zote 70,000. DAP na urea ndio 70, zile nyingine za kukuzia, CAN ilikuwa 60 na SA 50. Nilinunua CAN ndio maana nakumbuka.

Mnyiha Halisi
Nimesema DAP na urea mkuu, soma taratibu, au huko kwenu Mbeya mjini mnasoma mkiwa kwenye bajaji.

Jembe na Nyundo
"Zote zikawa 70,000" umeandika wewe sio mimi. Haya tuendelee.

Ajenti Mdogo
Naona tunasemwa sana sisi mawakala, ngoja niwaeleze inavyokwenda halafu mnitukane mkiwa mnajua.

Mkulima anakuja na namba yake. Naiingiza kwenye simu, inaniletea jina lake na mifuko aliyobakiza. Halafu naskani ile alama ya mraba kwenye kila mfuko. KILA mfuko, sio shehena. Mtu anachukua mifuko minane unaigeuza mmoja mmoja utafute alama iko upande gani, nyingine imechubuka kwenye lori haisomeki, jua linapiga kwenye kioo huoni kitu, nyuma yako watu mia wanakufokea kwamba unachelewesha makusudi. Mtandao ukikata hapo ndo umekwisha. Siwezi kuandika kwenye daftari nikaingiza jioni, maana mfuko usioonekana kwenye mfumo ni mfuko nilioutoa bure.

Tofauti ya bei serikali haimlipi mkulima wala mimi, inailipa kampuni iliyoingiza au kuzalisha mbolea, baada ya mfuko kuonekana umeuzwa. Mimi nabaki na kamisheni ambayo ukitoa mpakuaji, mlinzi na bando inabaki hela ya soda. Sasa fikiria, kampuni nayo ikichelewa kulipwa inafanya nini? Inapunguza kasi ya kuleta mzigo. Kwako wewe mkulima unaona wakala kaficha mbolea. Stoo ni tupu jamani, njooni muone mapanya.

Mlowo Junction
@Ajenti Mdogo nakuelewa. Ila wakati unaingiza namba ya dogo fundi simu na aliyekuja kubeba ni tajiri mwenye fuso, wewe huoni?

Ajenti Mdogo
Naona. Halafu? Anakuja na namba na kitambulisho, anasema nimetumwa na kijana wangu. Wazee wangapi wanatuma vijana? Nikikataa ya tajiri nikataze na ya bibi aliyemtuma mjukuu? Mfumo umesema ndiyo, mimi ni nani niseme hapana.

Kibatari
Jibu la kisiasa hilo, nenda ukachukue fomu.

Mama Ngano
Samahanini naomba kuongea kama mwanamke mkulima. Hilo la kutuma hela kwenye simu mimi nakataa kabisa. Simu ni ya nani? Laini imesajiliwa kwa jina la nani? Ya baba. Meseji ya laki na kitu ikiingia jioni siku ya mnada, mtaniambia asubuhi kama kuna mfuko hata mmoja umenunuliwa. Mfuko wa mbolea ukishafika nyumbani angalau nauona, naweza hata kuukalia.

Jembe na Nyundo
@Mama Ngano huo ni ubaguzi dhidi ya wanaume na wauza mbuzi choma kwa pamoja

Mama Ngano
Ni uzoefu kaka.

Chausiku_88
Mama Ngano nipo na wewe nusu. Mfuko nao unauzwa, tumeona hapo juu. Tena ukiuzwa unauzwa kwa hasara, dogo anapata elfu kumi wakati punguzo lenyewe kwa DAP ya 2022 lilikuwa kama elfu sitini. Bora angepewa hizo sitini akalipie mtoto ada kuliko kumi za huyo tajiri. Mwenye shida ya hela atatafuta namna tu ya kugeuza mbolea kuwa hela.

Bwanashamba Mstaafu
Kuna jambo mnaliruka. Ukimwaga hela kwa kila mkulima mwezi Novemba na mbolea mjini ni ileile, wenye maduka watafanya nini? Bei inapanda kesho yake asubuhi. Sababu ya serikali kukamata bei kwenye mfuko ni hiyo. Wakati wa vocha pia kulikuwa na maduka ambayo bei ilipanda kidogo kwa sababu tu vocha zimefika.

Kitale Mahindi
Habari zenu majirani, niko Trans Nzoia upande wa Kenya. Nimesoma hii uzi nikacheka kwa sababu ni kama mmetutembelea. Kwetu serikali ilishusha gunia ya kilo 50 kutoka elfu sita mia tano za Kenya hadi 3,500 Septemba 2022, halafu 2,500 Agosti 2023. Unasajiliwa na watu wa chifu, unatumiwa meseji ya vocha kwa simu, unalipa na M-Pesa, unaenda kuchukua kwa depo ya NCPB, ile bodi ya nafaka ya serikali. Kwa karatasi ni poa sana. Lakini pia huku kuna mtu ako na kiploti cha nyumba na amepata vocha ya magunia ishirini, na mwenye ekari kumi amepata mbili. Ukiuliza chifu anasema ni kompyuta. Ukiuliza watu wa kompyuta wanasema ni chifu.

Na hiyo sio mbaya sana. 2024 tulipata ile stori ya mbolea feki. Mifuko iliuzwa kwa depo za serikali zenyewe, watu wa viwango, KEBS, wakapima wakasema haifiki viwango. Mwezi wa tano bunge likapiga kura kumtoa waziri wa kilimo Linturi, kamati ikakaa ikasema tuhuma hazikuthibitishwa, akabaki. Mwezi wa saba Rais akavunja baraza lote la mawaziri akaenda na maji pamoja na wengine. Mkulima aliyepanda na hiyo mbolea mahindi yake hayakungoja kamati.

Mnyiha Halisi
@Kitale Mahindi karibu sana jirani. Hapo kwenye feki ndo naogopa kuliko hata wizi. Wizi nakosa mfuko, feki napoteza msimu mzima.

Kitale Mahindi
Kabisa. Sisi siku hizi mtu akinunua anafungua gunia moja hapo hapo, anaweka chembe kwa glasi ya maji, anaangalia. Ikibaki chini kama kokoto unajua umeuziwa barabara.

Bwanashamba Mstaafu
Angalizo: hiyo ya maji inafaa kwa urea. CAN ina chokaa ndani yake, na DAP na NPK nyingi nazo zinaacha mabaki chini hata kama ni nzuri, usije ukarudisha mbolea halali ukagombana na watu. Kipimo cha uhakika ni maabara. Ukishuku, weka sampuli, tunza mfuko na lebo yake, na risiti. RISITI. Wakulima wengi wanatupa risiti halafu wanakuja kulalamika hawana hata namba ya shehena.

Mzee wa Debe
Ruzuku ruzuku, mbona hamzungumzii bei ya mahindi? Tuseme mmenipa mbolea ya bure kabisa. Ekari yangu mfuko mmoja wa kupandia na miwili ya kukuzia, napata gunia ishirini msimu ukiwa mzuri. Siku navuna kila mtu anavuna, mnunuzi wa Mlowo anakuja na debe lake limepigwa nyundo chini likabonyea nje, linameza kilo mbili zaidi, na bei anapanga yeye. Punguzo lote mlilonipa mwezi wa kumi na moja analichukua yeye mwezi wa saba. Mnasema nani anafaidika na ruzuku? Huyo mwenye debe.

Dada wa Mjini
Na jina lako ni Mzee wa Debe 🤔

Mzee wa Debe
Hilo jina nilipewa na adui.

Ndumu wa Ileje
Mzee hapo juu ana hoja lakini NFRA, wale wa hifadhi ya chakula ya taifa, hununua mahindi kwa bei nzuri, 2024 walifika shilingi 700 kwa kilo.

Mzee wa Debe
Walinunua kwa nani? Kufika kituo cha NFRA lazima mzigo uwe mkubwa, mkavu, umepepetwa, una gari. Mimi na gunia zangu kumi na mbili nikapange foleni na malori? Aliyeninunulia kwa debe lililobonyea ndiye aliyeenda kuuza 700. Msiniletee vichekesho.

Ndumu wa Ileje
Haya mzee umeshinda. Mimi niko Ileje, mto tu unatutenga na Malawi, nataka niongelee pale mlipopita haraka. Mleta mada amesema tajiri anaenda kuuza "anakojua yeye". Sisi tunapaona. Msimu bei ya kwetu ikiwa chini ya ng'ambo, usiku bodaboda zinapita na mifuko miwili miwili, ikigeuka bei inarudi hukuhuku. Huwezi kuweka askari kila kivuko. Sasa serikali ikipeleka mbolea nyingi Ileje na Momba kwa sababu usajili unaonyesha ekari nyingi, hizo ekari ziko nchi gani?

Na wenzetu Malawi walianza kitambo, 2005 huko na mpango wao wa ruzuku wa FISP, 2020 wakaubadilisha ukawa AIP. Mwaka 2022 serikali yao ikajikuta imelipa hela ya mbolea kwa kampuni ya Uingereza ambayo ikaja kujulikana biashara yake ni nyama. Nyama! Rais Chakwera akamfukuza waziri wa kilimo mwezi wa kumi. Kwa hiyo mkilalamika hapa mjue kuna waliosubiri mbolea ikaja harufu ya bucha.

Kibatari
Angalau wangeleta hata mifupa, nayo ni fosfeti.

Bwanashamba Mstaafu
@Kibatari leo umesema la maana kwa mara ya kwanza.

Jembe na Nyundo
Mimi hili la magendo silinunui sana. Kila mbolea ikikosekana tunaambiwa imevuka mpaka. Rukwa ndani kabisa kuna vijiji havina mpaka na mtu na bado mbolea ilichelewa mpaka mahindi yakawa magotini. 2022 watu walilala kwenye vituo, wakaweka mawe kwenye foleni kila jiwe lina jina la mtu. Tatizo lilikuwa vituo vichache na usajili uliofanywa mbiombio, mtendaji wa kijiji mmoja na daftari, watu elfu mbili, wiki chache. Pale hata malaika angekosea majina. Tusione wizi kila mahali.

Chausiku_88
Kukosea jina sawa, kukosea ukaandika fundi simu ana ekari sita si kukosea.

Jembe na Nyundo
Inawezekana. Ekari hakuna aliyepima, mtu alijitajia. Ukiulizwa unalima ekari ngapi na umesikia mbolea inatoka kwa ekari, wewe utasema mbili?

Mwalimu wa Zamu
Nimesoma wote, kuna kitu hakijatajwa. Mashamba ya kukodi. Huku kwetu karibu nusu ya wanaolima hawalimi shamba lao, wanakodi kwa msimu. Siku ya usajili mwenye shamba anajiandikisha kwa sababu ndiye anayejulikana lile shamba ni la kwake, na aliyekodi anajiandikisha kwa sababu ndiye analima. Ekari zilezile mara mbili bila mtu kuiba. Halafu ndani ya familia baba kaandika, mama kaandika, kijana mkubwa kaandika, shamba moja. Na mwingine kaogopa kuandika kabisa kwa sababu alisikia ni orodha ya kodi. Huyo fundi simu labda ana shamba la urithi limekodishwa.

Mlowo Junction
@Mwalimu wa Zamu hoja nzuri ila sio kwa huyu. Baba yake yupo hai, nawafahamu, shamba la familia ni kama ekari mbili na lina migomba. Anayejua zile sita zilitoka wapi ni aliyeandika.

Mwalimu wa Zamu
Basi migomba yao inastawi sana.

Ughaibuni Kitambo
Salaam kutoka Iowa, Marekani. Naendesha malori ya nafaka huku kwa hiyo nawasikia wakulima wao wakiongea kila siku. Msidhani huku ni peponi. Serikali yao inalipa wakulima moja kwa moja benki, na ile ya kubandika majina anayoitaka mleta mada ipo: kuna taasisi inachukua takwimu za serikali inaziweka mtandaoni, unatafuta kaunti yako unaona jirani yako kalipwa dola ngapi, jina kwa jina. Na kila kaunti au kaunti chache zina kamati inayochaguliwa na wakulima wenyewe kusimamia hizo programu.

Matokeo? Wanajuana wote nani kapokea nini na wakubwa bado ndio wanaochukua nyingi, kwa sababu malipo mengi yanafuata ekari na mavuno. Mwenye ekari nyingi anapata nyingi, kihalali kabisa, hakuna haja ya kuiba. Kuna ukomo wa malipo kwa mtu mmoja, basi wanaingiza mke, kaka, shangazi kama wabia wa shamba. Kuna watu wanaishi ghorofani Chicago wanapokea hela ya shamba la babu.

Dada wa Mjini
Kumbe fundi simu ni wa kimataifa 😂

Mlowo Junction
@Ughaibuni Kitambo lakini angalau wanaona. Mimi naomba kuona tu. Nikishaona jina la mtu na ekari zake ubaoni mkutano wa kijiji utajua wa kumuuliza.

Chausiku_88
Mkutano gani? Wa mwisho kwenu ulifanyika lini?

Mlowo Junction
Hapo umenipiga pabaya.

Ajenti Mdogo
Nirudi kwa mama mdogo wa mleta mada, maana tumeongea mataifa yote tukamsahau. Mara nyingi namba ikisema haipo ni moja kati ya haya. Taarifa hazikuhuishwa msimu mpya, na huwa kuna muda wa kuhuisha kijijini. Au laini aliyosajilia imepotea au imefungwa, namba mpya ikatumwa kwenye laini ya zamani, sasa anatumia namba ya mwaka juzi. Au jina kwenye kitambulisho na jina alilotaja ni tofauti, mama zetu wana jina la ubatizo, la nyumbani na la mume. Aende kwa mtendaji na kitambulisho chake aangaliziwe kwa jina na sio kwa namba. Asiende siku ya mnada.

Mlowo Junction
Asante mkuu, kitambulisho chake kina jina la marehemu mume na wote tunamuita kwa jina la kwao. Nitaenda naye. Ila laini pia alibadilisha kwa hiyo sijui ni lipi kati ya hayo.

Mnyiha Halisi
Ukienda kwa mtendaji muulize na zile ekari sita.

Mlowo Junction
Nimuulize halafu jina la mama mdogo lipatikane? Wewe hukai kijijini.

Mama Ngano
Nenda wanawake wawili watatu na mama mwenyewe, wewe usiongee. Mwanaume akiingia ofisini anaonekana amekuja kwa siasa.

Jembe na Nyundo
Kuna anayejua ile ruzuku ya mbegu za mahindi inatumia namba hiihii ya mbolea au ni usajili mwingine? Maana nilipitwa mwaka ulioanza.

Ajenti Mdogo
Kwangu nilitumia namba hiyohiyo ya mkulima. Ila aina za mbegu zinaisha haraka, zile za muda mrefu zinazofaa huku juu kwenye baridi ndo zinakwisha kwanza, unabakiziwa za ukanda wa chini.

Bwanashamba Mstaafu
Na usikubali. Mbegu ya muda mfupi ukiipanda huku juu inakomaa mvua bado ziko kichwani, inaoza ikiwa shambani. Bora mbegu ya bei kamili inayofaa kuliko ya ruzuku isiyofaa.

Mzee wa Debe
Nani ana CAN Vwawa au Mlowo, naomba bei na mahali, ya ruzuku au isiyo ya ruzuku, nimeshachoka.

Ajenti Mdogo
Njoo inbox mzee. Njoo na namba yako, na uje mwenyewe.

Mzee wa Debe
Nitamtuma kijana wangu.